Gari Lisilolala

Katika ukoo wa mume wangu hakuna mwanamume aliyewahi kusema "sijui" mbele ya boneti lililofunguliwa. Watakiri kwamba hawajui kusonga ugali, watakiri kwamba wamesahau mama yao alizaliwa mwaka gani, lakini gari, hapana. Mtu anainama, anashika kiuno, anavuta pumzi, kisha anataja kifaa. Marehemu baba yao mdogo alikuwa akitaja kabureta hata gari likipata pancha. Mume wangu yeye hutaja altaneta. Mdogo wake, shemeji yangu, hutaja betri. Kwa hiyo siku gari letu lilipogoma kuwaka, ugonjwa ulikuwa umeshajulikana kabla mgonjwa hajapimwa. Ilibaki kujua tu nani atawahi kufika uani.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ambayo kwa mkazi wa Dar es Salaam haihitaji kuelezwa. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na redio yake mpaka leo inazungumza Kijapani. Tunakaa Kimara. Baba Watoto huenda kazini Posta kwa mwendokasi, maana ukiingia barabarani na gari dogo asubuhi utafika mjini umechoka kabla ya kazi. Basi gari hushinda uani Jumatatu hadi Ijumaa na kutumika mwisho wa juma tu. Likumbuke hilo, msomaji. Sisi hatukulikumbuka.

Kisa kilikuwa hivi. Jumamosi asubuhi ufunguo unazungushwa, stata inajibu tk-tk-tk-tk, taa za dashibodi zinafifia. Jirani anasogeza gari lake, waya za kubusti zinatolewa, letu linaunguruma, na kuanzia hapo linatembea bila tatizo hadi Jumapili jioni. Jumamosi inayofuata, tk-tk-tk-tk. Jirani ni mtu wa dini na hakuwahi kunung'unika, ila siku za karibuni alikuwa ameanza kuondoka mapema sana Jumamosi.

"Betri imekufa," akasema Shemeji.

"Altaneta haichaji," akasema Baba Watoto.

Mama mkwe, ambaye watoto humwita Bibi na sisi sote tumefuata, alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa ajili ya sendofu ya mjukuu wake kule Kibaha. Aliwasikiliza wanawe wakibishana kuanzia chai ya kwanza hadi ya pili, kisha akatoa la kwake: ni macho ya watu. "Gari jeupe, mnaliosha kila Jumamosi mbele ya njia, watu wanapita wanaangalia. Mnataka nini tena?"

Shemeji akashinda mjadala, si kwa hoja bali kwa bei, kwani betri ni nafuu kuliko altaneta. Wakaing'oa betri ya zamani, wakapanda bajaji, wakaenda Gerezani. Binti yangu mkubwa, aliye kidato cha pili, alifuatana nao, na yote yaliyojiri dukani nayasema kwa ushahidi wake.

Muuza duka aliuliza maswali mawili ya maana: vichwa vyembamba au vinene, na plasi iko upande gani. Mume wangu akajibu, "Ya kawaida." Sasa, betri za magari ya Kijapani hazina kitu kinachoitwa cha kawaida. Zina maandishi. Ukiona 46B24L, kwa mfano, 46 ni kipimo cha uwezo, B ni kipimo cha boksi lake, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi L au R inaonyesha plasi imekaa upande gani. Ikifuatiwa na S, vichwa ni vinene. Majibu yote waliyokuwa wakiulizwa yalikuwa yameandikwa juu ya betri kuukuu waliyoiweka kaunta mbele ya macho yao. Hakuna aliyeisoma. Muuza duka akaipima kwenye mizani kama chakavu, maana ndani yake kuna risasi yenye soko, akawapunguzia bei ya mpya. Akajitolea kuwapa kijana wa kwenda kuifunga. Shemeji, nasikia, aliona ametukanwa.

Wakarudi. Betri mpya inang'aa, imevishwa vifuniko vya plastiki, Shemeji amekunja mikono ya shati. Watoto wakapanga viti. Tatizo la kwanza likajitokeza mara moja: betri ilikuwa na plasi upande usiotakiwa. Na kwenye gari hili waya wa plasi haujipindi ovyo, kwa sababu kichwani mwake umebeba kisanduku cha fyuzi kubwa na una nafasi yake moja tu ya kukaa. Mtu mwingine angeirudisha betri dukani. Shemeji aliitazama, akazitazama nyaya, akasema, "Plasi huwa upande huu," akavifunga vichwa pale vilipofika bila kuvutwa.

Kuna jambo dogo ambalo waliotengeneza betri walilifikiria kwa ajili ya watu wa namna hii. Nguzo ya plasi ni nene kidogo kuliko ya hasi, ili kichwa cha hasi kikipelekwa kwenye plasi kigome kuingia. Kikagoma. Shemeji akakipanua kwa bisibisi.

Alipogusisha kichwa cha pili palitoka cheche ambayo Bibi aliiona akiwa jikoni. Ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua. Shemeji aliruka nyuma, akasema, "Inajaza chaji," kisha kwa haraka ya mtu asiyetaka kuulizwa akabadilisha nyaya, safari hii zikiwa mahali pake, waya wa plasi umevutwa mpaka basi.

Ufunguo ukazungushwa. Hata tk haikusikika. Dashibodi giza tupu. Honi, hata hivyo, ilikuwa inalia, na hazadi zinapepesa kama kawaida, jambo lililowachanganya kabisa, kwani kila mmoja alikuwa ametarajia gari life lote au lipone lote.

"Tumeuziwa betri feki," akasema Shemeji.

"Nilisema altaneta," akasema Baba Watoto.

"Baba mdogo," akasema binti yangu kwa heshima zote, "betri feki haiwezi kupiga honi namna hii. Umeme upo, ila kuna mahali haupiti."

Akaambiwa aende akafanye kazi za shule. Mada waliyokuwa nayo shuleni muhula huo ilikuwa umeme.

Kibaha tulikwenda kwa daladala. Mimi nimevaa sare ya kamati, sufuria la pilau mapajani, Bibi pembeni yangu ananyamaza kwa namna ambayo kina mama wa Tanga hunyamaza wakiwa na mengi ya kusema. Sendofu yenyewe ilifana, na sitaieleza. Itoshe kusema kwamba kila aliyetuuliza gari liko wapi alijibiwa na Bibi.

Fundi umeme tuliyemwita ni mzee wa makamo, anakaa mtaa wa pili, maneno machache. Mafundi wengi huanza kwa kuuliza gari lina nini. Huyu aliuliza, "Nani amelishika mwisho, na ameshika nini?" Palikuwa na ukimya. Bibi akamnyooshea Shemeji kidole. Kwa maoni yangu swali hilo lina thamani kuliko vifaa vyote vilivyokuwa kwenye mkoba wake. Gari lililokuwa na umeme asubuhi, likabadilishwa betri mchana, likakosa umeme jioni, halihitaji kufunguliwa injini. Unaanza palipopita mkono wa mtu: vichwa vimekaza au vinacheza, vina kutu au ni visafi, waya wa hasi umeshika bodi sawasawa, plasi na hasi hazikubadilishana. Watu huruka hayo yote wakaanza kununua vipuri.

Alipoiona ile nguzo iliyokwaruzwa na bisibisi, fundi hakuhitaji kuendelea kuuliza. Akafungua kisanduku kilichoko kichwani mwa plasi, akagusa kwa mita upande huu wa fyuzi kubwa, volti zipo. Akagusa upande wa pili, hakuna. Fyuzi ya ampea 120, imeungua. Hii haichomolewi kwa vidole kama zile ndogo za rangirangi, imefungwa kwa skrubu, na kazi yake ni kusimama kati ya betri na altaneta. Ukigeuza nyaya, diodi zilizoko ndani ya altaneta huupitisha umeme moja kwa moja kana kwamba hakuna kizuizi, na fyuzi hiyo hufa kwanza ili nyingine zisife. Lakini vitu vingi vya ndani ya gari, dashibodi ikiwamo, hupata umeme wao baada ya fyuzi hiyo. Honi na hazadi zinauchukua kabla yake. Ndiyo maana gari lilikuwa nusu hai.

Fyuzi ikapatikana, betri ikarudishwa dukani na kubadilishwa kwa nyongeza kidogo, na safari hii fundi ndiye aliyefunga: plasi kwanza, hasi mwisho. Akamweleza binti yangu sababu. Bodi nzima ya gari ni hasi, kwa hiyo ukifunga plasi wakati hasi imeshafungwa, spana ikiteleza na kugusa chuma chochote utaona cheche kama ile ya Shemeji. Kufungua ni kinyume, hasi hutoka kwanza. Akapima betri gari likiwa limezimwa: volti 12.6. Akawasha injini: 14.1.

"Altaneta nzima," akasema.

Nilimtazama mume wangu. Alihuzunika.

Yaliyofuata yalikuwa madogo madogo lakini yalijaza nyumba. Vioo vya milango vilikuwa vikipanda kwa mguso mmoja, sasa vinaishia katikati. Sailensa ilikuwa juu, kisha chini, mara injini inazima tukisimama kwenye taa za Ubungo. Saa inasoma usiku wa manane mchana kweupe. Shemeji akaanza kutaja tena betri feki. Fundi akamweleza kwa simu kwamba gari likikosa umeme, kompyuta yake husahau ilichojifunza. Kioo unakipandisha hadi mwisho huku ukiendelea kuivuta swichi kwa sekunde chache, mlango mmoja baada ya mwingine, kinakumbuka. Sailensa unaliacha gari liwake mahali pamoja bila kugusa mafuta mpaka lipate joto lake, kisha unaliendesha kawaida, linajipanga lenyewe. Yote yakawa kama alivyosema.

Redio ndiyo iliyotutesa. Iliandika mistari ya Kijapani, ikaomba namba ya siri, ikanyamaza. Hiyo ni kinga dhidi ya wezi, na mwenye namba ni mtu wa Japani ambaye hatutamwona maishani. Wanangu wadogo waliomboleza. Shemeji, ambaye kwa kweli ana vipaji ila havipo upande wa betri, alihangaika mjini akampata kijana anayezifungua, na jioni moja muziki ukarudi. Watoto wakambeba juujuu. Na katika shangwe hiyo akarudishia kitu kimoja kilichokuwa kimebaki kining'inia tangu siku ya cheche, waya wa spika ya besi.

Spika hiyo na kikuza sauti chake viko buti, nyuma ya zulia. Aliviweka yeye mwenyewe, zawadi kwa kaka yake. Kutofungwa kwa waya ule siku ile kuliviokoa, vingeungua pamoja na fyuzi. Sisi tulifurahi tu kwamba besi imerudi. Bibi alisema inamgonga kifuani.

Jumamosi iliyofuata: tk-tk-tk-tk.

Sitayaandika yote yaliyosemwa asubuhi ile. Betri ilikuwa mpya, fyuzi mpya, altaneta imepimwa. Baba Watoto alikaa kwenye ngazi akiwa na funguo mkononi, anatazama tu. Shemeji alifika, akafungua mdomo, akaufunga. Jirani hakuwapo.

Ndipo Bibi, aliyekuwa anachambua mchele barazani, aliposema kwamba gari letu halilali.

"Vipi, Mama?"

"Nikiamka alfajiri kutia udhu naliona. Lina jicho. Dogo, la bluu, huko nyuma. Usiku kucha liko macho."

Shemeji akacheka, mume wangu akacheka kwa adabu. Mimi nilifikiria kumpeleka kupima macho. Binti yangu pekee aliacha kula.

"Bibi, nyuma wapi?"

"Kwenye buti, mke mwenzangu. Pale pembeni ya zulia."

Binti akaenda kwa fundi kuazima mita, akarudi nayo pamoja na maagizo, na trei tupu ya mayai aliyoichukua jikoni kwangu bila ruhusa. Baada ya betri kuchajiwa, akafungua waya wa hasi, akaiweka mita kati ya waya huo na nguzo yake ili umeme wote unaotoka upitie humo, ncha nyekundu kwenye tundu la ampea 10. Akamkataza baba yake kugusa ufunguo, kwa sababu stata huvuta ampea nyingi kupita uwezo wa mita. Gari limezimwa, milango imefungwa. Tukasubiri, maana kompyuta za gari nazo huchukua muda kabla ya kusinzia.

Gari lililolala sawasawa huvuta kitu kidogo tu cha saa, alamu na kumbukumbu, chini ya ampea 0.05. Mita ilisoma 0.33.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku mdogo wake akisoma namba kwa sauti. Nyekundu za ampea 10, bluu za 15, njano za 20, kila moja ikaingia kwenye shimo lake la trei na kikaratasi cha jina. Njia hiyo ni nzuri: ukichomoa fyuzi ya anayeiba, namba inaanguka. Trei ikajaa. Namba haikuanguka. Shemeji akaanza kupata nguvu mpya, akasema hiyo sasa ni betri yenyewe inavujisha ndani kwa ndani.

Binti yangu alikaa kimya akiitazama betri. Kisha akauliza, "Baba mdogo, huu mwekundu unaenda wapi?"

Waya mwekundu mnene, umefungwa moja kwa moja kwenye kichwa cha plasi, unapita ubavuni na kupotea chini ya zulia kuelekea nyuma. Haukuingia kwenye sanduku la fyuzi kabisa. Ungeweza kuchomoa fyuzi zote za gari, wenyewe ungeendelea kunyonya. Akaufungua. Mita ikashuka: 0.03.

Tulikwenda buti, tukainua zulia. Kikuza sauti kilikuwa vuguvugu, na pembeni yake kitaa cha bluu ndiyo kwanza kimezimika. Kifaa cha aina hiyo huwa na waya mwembamba wa kukiamsha, ambao hupaswa kupata umeme redio ikiwashwa tu. Kwenye redio ile ya Kijapani Shemeji hakuona mahali pa kuupachika. Akauunganisha na ule mwekundu mnene, yaani kiamke na kisilale tena. Muziki ulitoka, na yeye akahesabu kazi imekwisha.

Binti akaleta daftari. Ampea 0.3 kwa saa 132, kuanzia Jumapili jioni gari linapoegeshwa hadi Jumamosi asubuhi, ni karibu ampea-saa 40. Betri yetu ni ya 45. Inabaki ya kuwasha taa kwa aibu na kupiga tk-tk-tk. Kama Baba Watoto angekuwa anakwenda kazini na gari kila siku, altaneta ingekuwa inarudisha kila jioni kilichoibwa usiku, na tusingejua maisha yetu yote.

Fundi alikuja kuchukua mita yake. Akauhamisha ule waya mwembamba kwenye umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa, akaweka fyuzi yake karibu na betri, akapima tena, akaridhika. Mume wangu akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kuhusu ile betri ya zamani.

"Haikuwa na kosa," akasema fundi. "Ilikuwa na njaa."

Kikao cha familia kilikaa chini ya uenyekiti wa Bibi. Iliamuliwa kwamba Shemeji anaruhusiwa kuosha gari, kulipiga rangi matairi na kubadilisha wimbo. Boneti litafunguliwa mbele ya mjukuu. Bibi mwenyewe hakubadili msimamo wake: alisema ni jicho, na jicho lilionekana.

Na kama wewe unayesoma ulinunua Gerezani betri kuukuu ya chakavu, ubavuni imechorwa ua na mtoto kwa kalamu nyeupe ya kufutia wino, usiipasue. Ichaji polepole usiku kucha. Fundi anasema bado ina maisha.